Pindo la Kukua

Jina lake halisi wengi walikuwa wamelisahau, na hata yeye, ukimwita ghafla kwa lile la kwenye kitambulisho, angeendelea kushona akidhani unamwita jirani. Aliitwa Mama Sare. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona sare za shule, na karibu hakuna kingine, katika chumba kimoja chenye mlango wa bati na dirisha linalotazama barabara ya kwenda hospitali. Ukutani alipigilia misumari, na kila msumari ulining'iniza vipande vya boksi vilivyokatwa kwa umbo: mgongo, kifua, mkono, kola. Ukitaka shati la darasa la nne, anatungua vya msumari wa nne. Analaza kitambaa tabaka kumi, anaweka boksi juu, anazungushia chaki, anapitisha mkasi, na mashati kumi yanazaliwa pacha.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli katika chumba cha pili, na mgonjwa wa mpira. Kila jioni akifunga kazi alichungulia mlangoni, huku anajifuta grisi, akauliza, "Vipi matokeo ya leo?" Kabla mkewe hajafungua mdomo, anajijibu mwenyewe: "Sare." Kisha anacheka peke yake. Utani huo aliuanza wakiwa wachumba, na mwanaume yule, nikwambie ukweli, hakuwa mtu wa kuacha utani eti kwa sababu umechakaa.

Mwaka huo utani ukaanza kumwasha mama wa watu. Mwenyewe hakujua kwa nini. Miguu yake ilikanyaga pedeli hata pale ambapo hakuna uzi sindanoni. Jumatatu alilihamisha cherehani kutoka dirishani mpaka ukutani, Alhamisi akalirudisha dirishani, Ijumaa akalitazama kwa jicho baya. Alikata maboksi mapya ya darasa la pili ilhali ya zamani yalikuwa mazima. Alianza kunywa chai akaiacha, akaipasha, akaiacha tena. Shoga yake aliyekaa kona ya chumba akitoboa matundu na kushona vifungo, ambaye wote walimwita Mama Vifungo, alimwambia wazi kwamba amekuwa kama mtu aliyekalia siafu, na kwamba ama ahame yeye ama wahame siafu, lakini wote wawili hawawezi kubaki kwenye kiti kimoja.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu dada yake. Huyo alikuwa mkunga, miaka thelathini na sita katika wodi ya wazazi ya hospitali iliyo mwisho wa barabara. Kila akipita kwenda zamu alikigonga kioo cha dirisha kwa pete yake, mara mbili, akaendelea na safari. Ndiye aliyemlea Mama Sare baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyemtoa kwenye kufua nguo za watu akamletea cherehani, lile lile alilonalo mpaka leo, akaliweka mlangoni na kuondoka bila hata kusubiri kushukuriwa. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba mdogo wake kitu chochote, hata kushonewa kifungo.

Kwa hiyo Jumamosi moja, badala ya kugonga kioo, alipoingia ndani na kuweka furushi mezani, Mama Sare alisimama kabisa. Ndani ya furushi kulikuwa na kitambaa cha rangi ya zambarau, mita tano, laini tena kina uzito wake. Dada alikuwa anastaafu. Zilibaki wiki tisa, na hospitali ingemfanyia sherehe ukumbini.

"Nataka gauni la kuagwa," alisema, halafu akajisahihisha haraka, "la kuagwa kazini, usinitolee macho."

Wakacheka. Kisha dada akaacha kucheka.

"Nisikilize, mdogo wangu. Miaka thelathini na sita nimevaa nguo niliyoamriwa na mtu. Hili nataka litoke kichwani mwako. Si kwenye gazeti, na si kwenye misumari yako hiyo."

Mama Sare aliitikia kwa mdomo. Alipokuwa msichana mdogo alikuwa hashikiki. Alimvalisha dada yake mashuka, mapazia, hata gunia moja la unga lililokatwa mikono, akamtembeza nalo uani kama bibi harusi. Mikono ile ile, alijiambia, itakumbuka. Mkono hausahau.

Haukusahau, ni kweli, ila ulikumbuka mambo yake. Gauni lilikwisha kwa siku mbili, mikono ikikimbia mbele na mwenyewe akiifuata nyuma kwa furaha. Walikwenda nyumbani kwa dada kulijaribisha, yeye na Mama Vifungo, na dada akaingia chumbani, akatoka, akasimama mbele ya kioo cha kabati.

Kola ya duara. Mkanda wa kitambaa hicho hicho. Marinda manane mbele, manane nyuma, yamenyooka yamelala upande mmoja. Dada alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia. Akainama, akalishika pindo la chini na kuligeuza, na ndani yake kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa upana wa vidole vinne, kimeshikizwa kwa mshono mrefu mrefu wa kufumuka upesi.

Pindo hilo kila mshona sare analijua. Mzazi hanunui gauni la mwaka mmoja. Mtoto anarefuka, mwaka ukigeuka unafumua ule mshono, unashusha kitambaa, gauni linarudi magotini, maisha yanaendelea. Wanaliita pindo la kukua. Mama Sare alikuwa amelitia kwa mwanamke mwenye wajukuu.

"Mdogo wangu," dada akasema polepole, "mimi natimiza miaka sitini. Hili pindo la kukua, mwenzangu, nitakua kwenda wapi?"

Mama Vifungo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Dada naye akacheka, akijifuta machozi kwa ile kola ya duara. Mama Sare akacheka pia, maana ungefanya nini, lakini aibu ilikuwa imemshuka mpaka kwenye nyayo. Kosa la kushona lisingemuuma, kosa la kushona linafumuliwa. Kilichomuuma ni kwamba gauni lilishonwa vizuri, kila mshono mahali pake, na yeye hakuwemo. Miaka yote alikuwa anajiambia kwamba yale mambo yake mwenyewe yapo, yamewekwa pembeni kidogo, yanangoja apate nafasi. Leo nafasi imepatikana, amefungua, amekuta maboksi.

Dada hakumgombeza. Alimwambia alifumue na kujaribu tena, wakati bado upo, na kama ikishindikana atavaa vazi lake la kazi, aagwe nalo hilo hilo, wala si neno. Lile "wala si neno" lilimfuata Mama Sare njia nzima ya kurudi. Mtu hajakuomba kitu maisha yake yote, anakuomba kimoja, halafu anakurahisishia kushindwa.

Alilifumua siku hiyo hiyo. Marinda yana siri moja nzuri: yanameza kitambaa bila kukiharibu, na alipoyafungua na kuyanyoosha, karibu mita zote zilirudi. Alikitia kitambaa kwenye mfuko wa nailoni, akautundika kwenye msumari wake peke yake. Asubuhi akifika anautazama. Jioni akiondoka anautazama. Mkasi hakuusogeza karibu.

Alijaribu kila njia ya mtu asiyetulia. Alichora magauni kwenye karatasi, na yote yakatokea na kola. Alimfuata mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, kutoka duka la dawa mpaka posta, akiangalia mkato wa mgongo, hadi mwanamke akageuka na kumuuliza kwa adabu kama wanajuana. Siku moja, kwa hasira tu, akaanza kugeuza marinda ya sketi za shule, moja kulia, moja kushoto. Mama Vifungo akamnyang'anya sketi mkononi na kumkumbusha kwamba watoto ishirini watasimamishwa mbele ya wenzao kwa ajili ya kichwa chake yeye. Akayarudisha marinda, huku ananung'unika.

Yaliyomwokoa, kama ni kuokoka, yalianzia kwenye pasi.

Pasi yake ilikuwa ya mkaa, ya chuma, nzito, maana kwa marinda ya sare hakuna umeme unaoshinda uzito. Kila asubuhi aliijaza mkaa, akauwasha, akaitoa nje kidogo upepo uipulize, na mpaka ishike moto zilipita dakika ishirini hivi. Dakika hizo alikuwa akizitumia kufagia na kulalamika. Jumatatu iliyofuata hakuwa na nguvu ya kufagia. Alikaa. Mikono ikawa inapapasa meza, inatafuta kazi, ikashika kipande cha kaki kilichobaki kwenye kaptula, chembamba, cha pembe tatu, kisichofaa kwa lolote. Akashona mfuko. Mfuko ndicho kitu ambacho mikono yake ilishona bila kumwuliza, ila kitambaa hakikuwa na pembe nne, kwa hiyo mfuko ukaja umelala upande, mdomo wake umeinama kama mtu anayesikiliza jambo mlango wa pili.

Akaushika dirishani. Akaucheka. Wakati huo pasi ilikuwa imeshika moto, akainuka akaenda kupiga marinda.

Kesho yake akashona mwingine. Si kwamba alipanga; mtu huyu alikuwa hawezi kupanga hata chai. Lakini siku ya tatu alijikuta anawasha mkaa huku anawaza atumie kipande gani, na hapo ndipo akajiwekea sharti, kimoyomoyo, asije akachekwa. Mfuko mmoja kila asubuhi, wa kitambaa cha mabaki, bila boksi, na usiwe wa nguo ya mtu yeyote. Pasi ikishika moto, basi, hata kama mshono uko katikati. Na ukiwa mbaya, unatundikwa vile vile.

Wa nne ulikuwa mbaya. Wa tano ulikuwa mbaya zaidi, mdomo umeshonwa kabisa, mfuko usioingia hata kidole. Akautundika. Alifunga uzi kutoka msumari wa darasa la kwanza mpaka wa darasa la saba, akaanza kuibana mifuko pale kwa vibanio vya nguo. Kukaja mfuko wa duara. Ukaja wenye kifuniko cha majani mawili yanayopishana. Ukaja mfuko ndani ya mfuko, na ndani yake mwingine wa kutosha mbegu moja ya chungwa. Halafu zikaja siku nane ambazo kila aliposhona ulitoka wa jana yake, hivyo hivyo, hata kwa kujilazimisha, na siku hizo alikuwa mchungu kama shubiri. Asubuhi moja mvua ililowanisha mkaa, pasi haikushika, na yeye hakushona, na mpaka jioni aligombana na cherehani, na mume, na mteja aliyekuja kuulizia soksi.

"Mifuko bila nguo," Mama Vifungo alimwambia. "Utatia nini humo, shoga, hewa?"

Mama Sare akaubana mfuko kwenye uzi. Alichojua ni kwamba zile dakika ishirini miguu yake haikanyagi ovyo.

Mumewe naye, jioni moja, akachungulia na grisi yake. "Vipi matokeo ya leo?" Akafungua mdomo ajijibu, na mkewe akamwahi.

"Moja bila," akasema, akamwonyesha kwa mkasi mfuko wa siku hiyo, wa kijivu, wenye mshazari.

Mwanaume alibaki na kitambaa chake cha kujifutia mkononi. Tangu wachumba hakuwahi kujibiwa. Kuanzia hapo akawa anaingia kabisa ndani kuhakikisha bao.

Lakini kitambaa cha zambarau kilikuwa bado msumarini, na siku hazimsubiri mtu. Zilipobaki siku kumi dada alipita, akagonga kioo, halafu hakuendelea na safari. Alisimama dirishani akiiangalia ile mifuko, thelathini na kitu, bluu na kaki na maruni na kijivu, imejipanga kwenye uzi. Aliuliza kama katika hayo yote gauni lake limo. Mama Sare akasema bado. Dada akatikisa kichwa taratibu, bila ubaya, akasema Jumamosi atakwenda mjini kujinunulia lililoshonwa tayari, ampunguzie mzigo, na kile kitambaa akitumie yeye atakavyo. Kisha akaondoka, mikono mfukoni.

Basi siku ile Mama Sare hakushona kitu cha maana. Angeweza kumfuata barabarani na kumwomba siku mbili zaidi, lakini siku mbili za kufanya nini? Kama kichwani hamna kitu, hata angepewa mwaka.

Kesho yake asubuhi aliwasha mkaa kama kawaida, akachukua kipande cha shuka kuukuu, akashona mfuko juu yake. Kwa sababu mawazo yalikuwa kwingine, mfuko ukaenda chini, na chini zaidi, mpaka ukawa wa kuzamisha mkono hadi kiwiko. Akalitundika shuka lote kwenye uzi. Mkasi ulikuwa mkononi, akautumbukiza humo ili apate kubana kibanio. Na shuka likaanguka upande mmoja. Uzito wa mkasi ulilivuta likaingia ndani, likatengeneza mkunjo mrefu kutoka juu mpaka chini, mkunjo mmoja tu, uliolegea, ambao hakuna pasi duniani ingeweza kuupiga.

Alisimama kuutazama. Lilikuwa umbo la mtu aliyetia mkono mfukoni. Alikuwa ameliona wapi? Jana tu, dirishani, likiondoka zake.

Kila fundi anaanza gauni begani. Unapima bega, unashuka kifua, kiuno, na mfuko, kama ukiwepo, unabandikwa mwisho. Yeye akawaza: vipi likianzia mfukoni? Mkono uwekwe kwanza, halafu kitambaa kiambiwe kianguke kutoka hapo. Lakini mkono wa dada unakaa wapi? Akafumba macho, akajaribu kuukumbuka, akashindwa. Mtu aliyemwona kila siku ya maisha yake, hakuweza kusema mikono yake inakaa wapi.

Adhuhuri alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, akamwacha Mama Vifungo na mdomo wazi. Akaenda kukaa kwenye benchi la wodi ya wazazi kati ya mama mkwe wa mtu na mzee mwenye chupa ya uji. Dada alipomwona alishtuka, akauliza kama anaumwa. Akamjibu haumwi, aendelee na kazi yake. Akamwangalia mchana kutwa, akipita, akirudi, akiinama, akisimama mlangoni kumsikiliza daktari. Kila mikono ilipokuwa haina kazi ilishuka mifukoni yenyewe. Wa kushoto ulikaa mbele, karibu na tumbo. Wa kulia ulikaa chini zaidi na nyuma kidogo, kwa sababu bega la kulia lilikuwa limeshuka. Miaka thelathini na sita ya kuinama upande mmoja wa kitanda ilikuwa imelivuta bega la mtu, na hakuna aliyemwambia.

Asubuhi iliyofuata pasi iliposhika moto aliinuka kama sharti linavyosema, akaiteremsha juu ya kitambaa cha zambarau, akakinyoosha mpaka alama za marinda ya kwanza zikatoweka. Kisha akachukua chaki. Alichora mfuko wa kushoto. Akachora wa kulia, vidole viwili chini yake. Mkono ulisita hapo, na nikwambie ulisita kweli. Mwanamke huyu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amelinganisha kushoto na kulia mpaka akiona picha imeinama ukutani kwa watu anainuka kuinyoosha. Watu watasema amekosea. Watasema Mama Sare amezeeka, hata mifuko miwili haiwezi tena. Akakata.

Alikata siku ile, akashona kesho yake na kesho kutwa. Hakuweka kola. Kitambaa kilishuka kutoka bega la juu kwenda bega la chini bila kubishana, kikafuata mikono, kikajikunja mahali pale palipojikunja shuka. Zambarau haikutosha kwa ndani ya mifuko, akatungua kwenye uzi ile mifuko yake ya asubuhi, akaifumua, akaunga vipande: bluu ya shule ya karibu na kiwanda cha maziwa, kaki ya shule ya wavulana, maruni ya ile ya juu mlimani. Mwisho akafika kwenye pindo la chini. Angeweza kulikata jembamba, kama magauni ya watu wazima. Alikaa nalo mapajani muda mrefu, miguu imetulia juu ya pedeli. Halafu akaweka vidole vinne, akakunja, akashikiza kwa mshono mrefu.

Ijumaa jioni alilipeleka kwa dada, limekunjwa kwenye gazeti. Dada alilivaa chumbani, akatoka, na kabla hajafika kwenye kioo mikono yake ikashuka, ikaingia mifukoni, yote miwili kwa pamoja, kama watu wanaojua nyumba yao. Akasimama hapo hapo.

"Mbona huu wa kulia uko chini?"

"Kwa sababu bega lako liko chini, dada."

"Tangu lini?"

"Sijui. Nimeliona juzi."

Dada aliligusa bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto, akalishikilia, akajitazama kiooni mpaka Mama Sare akaanza kukusanya gazeti lake bila sababu. Habari ya kwenda dukani Jumamosi haikutajwa tena.

Siku ya kuagwa ukumbi ulijaa. Wakubwa walisema yao, marefu, na dada alipoitwa kusema yake alisimama mbele ya watu wote hao bila faili, bila mtoto mkononi, bila kazi, na Mama Sare kwenye kiti cha nyuma akamwona anavyotafuta pa kuweka mikono. Kisha akaitia mifukoni. Akasema maneno machache, yaliyosikika mpaka mwisho wa ukumbi. Jirani mmoja wa kitini alimnong'oneza Mama Sare kwamba gauni ni zuri, sijui limenunuliwa duka gani, ila fundi kakosea mfuko mmoja. Mama Sare akaitikia kwamba ni kweli, haiko sare, na akafurahi kuliko angesifiwa.

Jumatatu aliwasha mkaa na kuitoa pasi nje. Hata hajachagua kipande, kioo kikagongwa mara mbili. Dada aliingia. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau, saa moja asubuhi, na kandambili miguuni.

Alieleza bila kuulizwa, huku anazunguka chumba, akishika kitu hiki na kukiacha, akishika kile. Ameamka saa kumi na moja kama kawaida. Amekwenda kabatini. Mavazi ya kazi ameyarudisha, na nguo nyingine, ukiacha za msibani, hana. Amekaa kitandani, ameinuka, amefagia ua uliokwisha kufagiwa, amefika mpaka lango la hospitali, akakumbuka, akageuka. Hajui akae wapi. Hajui afanye nini na mikono.

"Na jambo jingine," alisema. "Nimelala nimelitundika kwenye msumari, asubuhi nikaligeuza. Nimepima kwa vidole. Vinne. Umesahau tena?"

Mama Sare aliweka mkasi chini.

"Mara ya kwanza nilisahau," alisema. "Hili nimekuachia."

Dada aliacha kuzunguka. Alitia mikono mifukoni, akavuta kitambaa cha ndani nje kidogo, akakitazama, ile bluu na ile kaki, vilivyoungwa. Akauliza ni za shule zipi. Alipoambiwa, alisema nusu ya watoto wa shule hizo aliwapokea yeye, akazirudisha ndani polepole. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha mkono juu ya lile rundo la mabaki.

"Pasi inachukua muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Haya, nipe sindano."

Mama Sare alimtilia uzi, akampa, akachukua kipande chake. Dada alishona jinsi alivyokuwa akishona watu, mishono mifupi, ya karibu karibu, kichwa kimeinama, na mfuko wake ukaenda kombo kabisa. Wala hakuuficha. Mama Vifungo aliingia, akawakuta, akafungua mdomo, akaufunga. Nje pasi ilishika moto, na hakuna aliyeinuka.